Salamu Nisizokusomea Hewani

Deo,

Sikuulizi hujambo, maana sijui ungenijibu nini. Nakuandikia kwa mkono, kwa mwandiko wangu huu ambao wewe ulizoea kusema kuku kapita na matope. Vumilia tu. Nimekaa jikoni kwangu Tumba, hapahapa Stockholm, nje theluji inaanguka na kuyeyuka hapohapo, na nina mambo ambayo sina mtu mwingine wa kumweleza.

Kwanza, kipindi chetu cha redio kipo. Najua hilo ndilo ungeliuliza kabla hata ya habari za mkeo, na mkeo angekusikia, na ungekoma. Kipo, lakini nusura kife.

Unajua msala ulioniachia? Wiki ile tulirekodi Alhamisi, kwa sababu Jumapili mlialikwa harusi ya mpwa wa shemeji, huyo mkeo. Ukasoma salamu zako zote kwa mbwembwe, ukaniagiza nikiweke kipindi kwenye mtambo kijirushe chenyewe saa kumi. Nikakiweka. Jumamosi asubuhi ukaanguka bafuni, na kufika mchana ulikuwa umeshakwenda. Nani angekumbuka mtambo, Deo? Jumapili hiyo mimi nilikuwa kwenu napanga viti. Nyumba imejaa, watu wa kanisani wanaimba, shemeji kaketi chini kwenye godoro katikati ya wanawake wenzake. Ilipofika saa kumi, wewe ukaanza kuongea mji mzima.

Pale kwenu hakuna aliyewasha redio. Ila simu ya shemeji ikaita, na alikuwa Nestori wa Märsta, yule Mrundi anayefanya usafi uwanja wa ndege, msikilizaji wetu wa tangu siku za mwanzo. Alikuwa analia kwa furaha. Habari za msiba zilikuwa zimemfika, halafu akakusikia unamtaja, yeye na mkewe, na unamtania kuhusu ile timu yake. Akaamini kabisa kwamba umezushiwa. Akamwambia shemeji, "Nilijua tu ni uongo, nimemsikia sasa hivi, hebu nipe niongee naye." Shemeji alininyooshea ile simu bila kuniangalia, nikatoka nayo barazani kwenye baridi, ikabidi mimi ndiye nimwambie.

Tulipotoka kukuzika shemeji aliniita pembeni. "Mwangi, jina lake lisisomwe tena redioni. Sitaki simu nyingine kama ile." Nikasema sawa.

Na tangu siku ile sikukanyaga kwenu. Nilijiambia kwamba akiniona ataisikia ile simu ikilia tena. Nilikuwa nikipita kituo cha treni na mfuko wa maziwa, naliona dirisha la jikoni lenu lina taa, nageuza shingo upande wa pili. Niliona aibu, ndugu yangu, na nilikukumbuka mno, na kwenu ndipo mahali pekee ambapo ningekukumbuka na mtu mwingine.

Sasa fikiria. Kipindi chetu ni nini bila jina lako? Redio za roki ziko tele hapa Stockholm. Ukitaka gitaa la miaka ile unalipata saa yoyote, bila kuomba. Lakini wapi utasikia mtu wa Kista anamsalimia shangazi yake wa Tumba kwa Kiswahili, anataja wote alio nao nyumbani, anatoa ujumbe, halafu anaomba wimbo wa gitaa la kupasua masikio? Ni kwetu tu. Wakenya wenzangu walisema tumechanganyikiwa. Walisema salamu za redio ni mambo ya kina mama wa zamani, na roki ni mambo ya wazungu wenye nywele, vitu viwili visivyokaa sahani moja. Wewe ukawajibu kwamba ulivikuta sahani moja tangu utotoni.

Na kweli. Wewe Mwanza, unaanika betri za redio ya mjomba juu ya bati ili zipate nguvu za kumaliza kipindi cha nyimbo za kigeni. Mimi Nakuru, nimejifunika blanketi na redio ya baba, naomba Mungu mtangazaji asiongee juu ya gitaa. Mjomba wako alisema ile ni kelele ya karakana. Baba yangu alisema ni ya kichaa. Tumekua kila mmoja akidhani yuko peke yake duniani, mpaka siku ile ya treni ya Märsta, unakumbuka? Umeketi mbele yangu, hedifoni masikioni, unapiga dramu kwenye goti. Sikusikia hata chembe ya muziki, lakini wimbo niliutambua kwa vidole vyako. Ilipofika zamu ya gitaa, nikalipiga kwa mdomo. Mswidi wa pembeni akahama kiti. Ukaniuliza kwa Kiswidi natoka wapi, na mimi, nilipoisikia lafudhi yako, nikakujibu kwa Kiswahili kwamba umelichelewesha pigo la mwisho. Tukabishana mpaka ukapitiliza kituo chako, ukafika kazini Kista umechelewa, na jioni ukanipigia simu tuendelee kubishana. Aisee, ndivyo ulivyoanza, "Aisee, lile pigo sikulichelewesha."

Basi. Ulipoondoka, salamu hazikukoma. Ziliongezeka, na zote zilikuwa zako. Nestori wa Märsta, zimfikie Deo popote alipo. Mama Shukuru, yule Mkongomani wa ghorofa ya juu yangu, zimfikie papa Deo, na ujumbe wake wa nusu Kifaransa. Simu ya studio imejaa wewe. Hata shemeji asingenikataza, ningezisomaje? Sheria uliiweka mwenyewe: salamu ni za mtu anayeweza kugeuka akasema, kumbe wananikumbuka. Alipofariki yule mzee wa Kista aliyependa nyimbo ndefu, ulilitoa jina lake kwenye orodha siku hiyohiyo, ukawapa wanawe pole, ukasonga mbele. Nikakuona una roho ngumu. Sasa nadhani uliogopa kuita mtu asiyeitika.

Kwa hiyo nikapiga nyimbo tu. Jumapili baada ya Jumapili, wimbo, kimya, wimbo. Mimi ni mtu wa vifungo vya mitambo, bwana, kuongea ilikuwa kazi yako. Mwishowe watu wa kituo wakaniita. Kwa upole wote wa Kiswidi, na kahawa mezani, wakaniambia saa ile ni ya kipindi cha Kiswahili, na Kiswahili hawakisikii. Kama Jumapili inayokuja hakuna mtu wa kuongea, saa itapewa wengine. Nilitoka pale nimekasirika, nikakasirika na wewe hasa. Harusi ya mpwa! Kama tungekwenda hewani moja kwa moja kama kawaida, yote haya yasingekuwa.

Nikawapigia simu wote walioleta salamu. Nikawaambia ukweli: za Deo siwezi kuzisoma, mke wake kaomba, na yeye mwenyewe asingekubali. Nikawauliza, badala ya Deo, kuna nani? Awe hai, awe anaweza kusikia. Mmoja akanikatia simu. Wengine wakanisomea salamu mpya. Nestori akasema kuna kaka yake Bujumbura, anaweza kutusikia kwa mtandao, hawajasemezana tangu wagombanie shamba la baba yao. Mama Shukuru akamtaja jirani yake wa mlangoni, bibi wa Kiswidi anayempandishia mizigo lifti ikiharibika. Nikamwambia yule bibi hajui neno hata moja la Kiswahili. Akasema hilo halinihusu, atamtafsiria.

Jumapili nikaingia studio. Nikamkuta Neema wako amekaa kwenye kiti cha wageni na koti lake. Unamjua binti yako, wewe unamsemesha Kiswahili, yeye anakujibu Kiswidi, na mkaelewana hivyo maisha yenu yote. Alitoka kwake Kista moja kwa moja. Ila siku hizi amerudi kulala kwenu, asimwache mama yake. Akasema, anko, na mimi nina salamu, nataka nizisome mwenyewe. Akaniomba nimsahihishe. Nikatazama alichoandika, nikamwambia hakuna cha kusahihisha.

Nikaongea, Deo. Nilikwama, nikakohoa hewani, nikasema Alhamisi badala ya Jumapili. Lakini nikazisoma. Nikamsoma kaka wa Bujumbura, nikamsoma bibi wa mlangoni, nikapiga nyimbo walizoomba, na nyimbo zote nikaziacha ziishe. Halafu Neema akasogea kwenye maikrofoni na kile Kiswahili chake cha kupapasa. "Mimi ni Neema wa Tumba. Salamu kwa mama yangu. Mama, usiku ninakusikia unalia. Uniamshe."

Nikawasha wimbo haraka, wowote, hata sikumbuki ni upi. Tukakaa pale wote wawili tunatazama mitambo.

Wimbo haujafika katikati, simu ya studio ikaita, na ni shemeji. Nikajua nimevunja ahadi mahali fulani bila kujua. Yeye ambaye muziki wetu aliuita kelele za vyuma tangu siku ya kwanza, alikuwa anatusikiliza. Nikaanza kuomba radhi. Akanikatiza, akasema hajapiga simu kuongea na mimi, amepiga kutoa salamu, na niandike. Nikaandika. Wimbo ulipokwisha ikabidi nisome, maana hewani kulikuwa kimya na Neema ananitazama:

"Mimi ni Anna, mama Neema, wa Tumba. Niko na viti vitupu. Salamu zimfikie Mwangi, studio. Ujumbe: Jumapili bado napika sufuria ileile kubwa, na wewe huji."

Hilo la mwisho sikulimaliza. Neema akalimaliza yeye. Katika miaka yote ya kipindi hakuna aliyewahi kunisalimia hewani. Mtu wa vifungo hasalimiwi. Nilikuwa sijui ni kitu cha namna gani kusikia jina lako linaitwa, na mtu anangoja jibu.

Nikaenda. Nilisimama mlangoni kama mgeni, shemeji akanisukuma ndani akiniuliza nimekondea nini. Tulikula wali na maharage. Tulikutaja wewe humo ndani mpaka maji ya chai yakapoa, yeye analia na kucheka, na nikagundua kwamba hakunikataza kukutaja. Alikataza redio tu. Nimepoteza miezi kwa upumbavu wangu.

Basi, rafiki yangu, pumzika. Jina lako halitasikika hewani kutoka kwangu. Nimemwahidi shemeji na nakuahidi wewe. Kaka yake Nestori bado hajajibu, lakini Nestori ameleta salamu nyingine, na Jumapili hii nitazisoma. Nikimaliza nitafunga mitambo na kwenda kwenu moja kwa moja nikale, kila Jumapili, hadi shemeji atakaponichoka. Na siku atakaponichoka, nitakwenda vilevile.

Wako,
Mwangi