Kamera ya Mzee Msasa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, kisha umgawie wifi na watoto. Naomba barua hii ikukute mzima, na ule mgongo uliokusumbua mlipohamisha vyerehani uwe umetulia. Mimi sijambo. Tangu niache kazi gazetini hupokei simu zangu, ndiyo maana nimeshika kalamu. Simu unaweza kuikata. Barua, hata ukiitupa mezani kwa hasira, itakungoja.

Wifi alinieleza ulivyosema: kwamba ulimpigia magoti mhariri ili nipate kazi ile, nami nikaitupa nikapige picha kwa sanduku la mbao. Hukukosea sana. Ni sanduku kweli. Amelitengeneza seremala tunayemwita Mzee Msasa, kwa kuwa hakuna ubao unaopita mikononi mwake bila kusuguliwa mpaka uteleze. Ni la mninga, upana wake kama mlango wa kabati la vyombo, na linasimama kwa miguu mitatu. Lenzi tuliing'oa kwenye mtambo mbovu wa kunakilia ramani. Katikati kuna mfuko wa turubai jeusi wenye mikunjo, unaovutika na kurudi, kazi ya mshona mahema. Aliushona mara tatu, maana kila mara mwanga ulipata tundu la kupenya. Siku tulipolipandisha ngazini, watu wanne tukihema, mwenye nyumba alivua kofia akauliza marehemu ni nani.

Kaka, laiti ungeingiza kichwa chini ya kile kitambaa cheusi. Nyuma ya kamera kuna kioo chenye ukungu, kikubwa kama sinia. Mtu aliyeketi mbele anatokea humo kichwa chini miguu juu, na rangi zake zote, unamwona hata akipumua. Ukiweka lenzi ya mkono juu ya kioo unaweza kuhesabu kope zake. Filamu ni bapa moja, na bapa moja ni picha moja. Hakuna kufyatua ovyo kama tulivyozoea gazetini, picha mia kwa tukio moja, tukiomba Mungu angalau moja ikubali.

Mwezi uliopita alikuja mkunga mstaafu wa mtaa wa pili. Kumweka sawa kulinichukua karibu saa nzima, kisha nikamwomba atulie sekunde nane, asicheke wala asitikisike. Nilipofunga lenzi hakuinuka. Machozi yalikuwa yakimtoka, nami nikadhani nimemchosha. Akaniambia taratibu, "Mwanangu, nimepokea watoto wa mtaa mzima, hakuna asiyenijua. Lakini kutazamwa hivi, sijawahi." Tangu siku hiyo ameshawaleta dada zake wawili, na wao wakaleta wengine. Kwa hiyo usiwe na hofu, silali njaa.

Sasa nifike kwenye lililonileta. Uliambiwa kwamba kwenye msiba wa yule mwalimu mkuu niliwaangukia wafiwa kwa sababu nilikuwa nimelewa. Mhariri aliamini, wenzangu waliamini, nami nikanyamaza. Kaka, sikuwa nimeonja hata tone. Sikuliona benchi nililojikwaa. Lilikuwa kando yangu, na kando yangu siku hizi hakuna kitu. Daktari wa macho amenipima mara mbili: kuona kwangu kunalika kutoka pembeni kuja katikati, na dawa hana. Natazama dunia kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Kazi ya gazeti, penye watu wa kukimbia na kusukumana, ilikuwa imeshanishinda. Lakini kwenye kile kioo mtu amekaa, ametulia, ananisubiri nimpate. Hapo bado mimi ni mpiga picha. Nikaona heri mniite mlevi, kwani mlevi hugombezwa kama mtu mzima. Huruma yenu niliiogopa zaidi.

Hilo hata si kosa langu kubwa. Daktari aliniambia ugonjwa huu hutembea katika damu, akanisihi niwaarifu ndugu zangu. Huu ni mwezi wa nane tangu aniambie. Kila nilipotaka kusema, nilijiambia nitasema kesho. Juzi wifi alinipigia, na katikati ya mazungumzo akalalamika kuhusu binti yenu wa pili: jua likizama hataki kutoka kuanua nguo, anajigonga kwenye milango, na wewe umemwita mvivu, tena mara moja umemchapa. Mimi nilianza hivyohivyo, Kaka, na mama akawa ananiita mwoga wa giza.

Huenda si ugonjwa huu, na naomba usiwe. Lakini mpeleke kwa daktari wa macho wiki hii, msingoje shule zifungwe. Nawe upimwe. Nilipaswa kukwambia miezi minane iliyopita, kabla hajaonja fimbo kwa ajili ya ukimya wangu. Ukinikasirikia safari hii unayo haki, sitajitetea.

Wasalimie wote hapo nyumbani, mkubwa kwa mdogo. Binti yangu huyo mpe salamu zake peke yake, umwambie kwamba shangazi yake anamwamini.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda Mimba