Mke Wangu Alidhani Nina Mwanamke, Kumbe Nina Presha

Jumapili, jioni. Mawingu yamefunga tangu asubuhi na mvua imegoma kunyesha.

Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Hii ni mara ya tatu naanza kuandika haya.

Leo saa sita mchana pikipiki ilisimama mlangoni kwangu, akashuka dada yangu Veneranda. Dada anaishi Kanazi, kule Ngara tulikozaliwa. Mimi nafundisha shule ya msingi huku Nyarubungo, Biharamulo. Hajawahi kuja bila kupiga simu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa mbali kama mtu anayejibu karani. Mke wangu, Mama Neema, akatoka jikoni kumpokea wifi yake mkoba, na hakushangaa hata kidogo.

Hapo nikajua nimeitiwa kikao.

Dada hakuzunguka. Alikunywa maji, akaweka kikombe chini.

"Deo, huyo mwanamke ni nani?"

Nilicheka. Lilikuwa kosa langu la kwanza la siku. Mama Neema akaanza kutaja mambo, taratibu, macho yakiwa sakafuni. Kwamba tangu msimu wa kupanda nasukuma sahani. Dagaa wake, niliokuwa nawasifia mbele za watu, sasa nawaacha. Kwamba kila siku saa kumi na moja jioni navaa raba, naondoka bila kuaga, narudi nimelowa jasho na kwenda moja kwa moja bafuni. Na rubisi nimeacha. Ghafla tu.

"Mwanaume haachi pombe mwenyewe," dada akasema. "Kuna mtu kamwambia aache."

Ni kweli. Yupo. Ni muuguzi wa zahanati, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole.

Naweza kuyaandika hapa sasa, kwa sababu siri imeshatoka. Ilianza na kichwa kugonga kisogoni wakati nasahihisha madaftari. Nikaenda zahanati nikitegemea malaria. Muuguzi akafunga ule mkanda mkononi, akapima, akaniambia nikae kidogo, akapima tena. Akaniita siku nyingine, na nyingine. Mara zote ilikuwa juu. Akaniambia nipunguze chumvi, hasa ile ninayonyunyiza mezani kabla hata sijaonja. Nipunguze mafuta, niache pombe, nile mboga na matunda, nitembee kila siku. Na nimeze dawa kila siku, nijisikie vibaya au vizuri.

"Hii haikupigii hodi, mwalimu," alisema. "Usisubiri uumwe ndipo uitibu."

Nikatoka pale nikaapa kwamba nyumbani hawatajua.

Nyinyi mnaosoma mtaniona mjinga. Lakini mimi nilimwona baba yangu. Siku alipoambiwa ana presha, nyumba nzima ilimgeuza yai. Jembe likachukuliwa mkononi mwake. Watu wakianza kugombana, mtu ananong'ona, "Baba asisikie, itapanda." Baba mdogo alipofariki, tulimzika bila kumwambia baba. Alikuja kujua baada ya wiki nzima, kwa mpita njia aliyesimama kumpa pole. Sijasahau uso wake. Hakulia. Alituangalia mmoja mmoja, watoto wake, kama watu asiowajua. Kiharusi kilikuja mwaka uliofuata, lakini mimi naona alianza kututoka siku ile.

Sikutaka kuwa mtu wa kufichwa mambo.

Basi nikaficha mimi. Dawa nikaziweka shuleni, ndani ya boksi la chaki kwenye droo yangu. Kutembea nikatembea kweli, kuuzunguka uwanja wa shule na kuteremka hadi kisimani na kurudi. Nilijiona shujaa.

Kosa la pili la siku ni kwamba nilijieleza vibaya. Nilisema tu, "Nina presha," kama mtu anayeokota neno la kujitetea. Mama Neema hakuamini. Akauliza dawa ziko wapi. Nikamwambia shuleni.

"Leo ni Jumapili," akasema.

"Ndiyo."

"Jana Jumamosi."

Nikatazama mlangoni.

"Na likizo ile ya wiki nne?"

Nilikuwa nimejidanganya kwamba siku mbili tatu si kitu, kwamba kutembea kunatosha, kwamba kichwa hakiumi tena kwa hiyo nimepona. Ndiyo maana mwezi uliopita muuguzi alikitazama kile kipimo akasema hakijashuka alivyotarajia, akaniuliza kama natumia dawa vizuri. Nikamwambia ndiyo, bila kupepesa macho. Mwalimu mzima.

Mama Neema akajifunga kitenge, akasema twende. Dada akabaki na sufuria ya maharage jikoni. Tulitembea hadi shuleni yeye akiwa mbele, mimi nyuma. Watu tuliosali nao asubuhi walitusalimia na yeye akaitikia kwa uchangamfu kabisa, kisha akaongeza mwendo. Nilifungua ofisi. Akavuta droo mwenyewe, akatoa boksi, akapangusa vumbi la chaki kwenye pakiti ya dawa. Akasoma tarehe iliyoandikwa na zahanati. Akahesabu vidonge vilivyobaki, kwa kidole, kimoja kimoja. Vilikuwa vingi mno.

Alikaa kwenye kiti changu. Nilidhani sasa atafurahi, maana mwanamke hayupo.

"Angekuwa mwanamke, ningepigana naye," akasema. "Hili ningepigana nalo vipi, na hukuniambia kama lipo? Mimi ndiye natia chumvi kwenye chakula chako, Baba Neema. Kwa mkono wangu. Kila siku."

Halafu akalia, na mimi nikasimama pale kama mwanafunzi aliyechelewa.

Tuliporudi, dada alituangalia nyuso akaelewa kwamba kesi imebadilika. Nilimweleza upya, safari hii vizuri, na nilipofika kwa baba akaacha Kiswahili, akanijibu kwa Kihangaza chetu. Alisema yeye ndiye aliyetoa wazo la kumficha baba ule msiba. Miaka yote hii hakuwahi kulitamka. Alisema anajua tulikosea. Kisha akasema lakini baba hakutuficha ugonjwa, na mimi hapo nimemzidi baba kwa ubaya. Sikubisha. Alipoondoka saa tisa, kuwahi gari la Ngara, alinishika mkono kwa muda mrefu.

Chakula tulikula wawili, watoto wakiwa kwa jirani. Maharage ya dada yalikuwa na chumvi ya kutosha watu kumi. Mama Neema alionja, akayarudisha jikoni, akaleta parachichi na ndizi.

"Kesho tunaenda zahanati wote," alisema. "Ukimdanganya tena yule mama, nitakusahihisha hapohapo."

Saa kumi na moja ilipofika sikujua nifanye nini. Kuondoka kungeonekana kukimbia. Kubaki nako, miguu ilikuwa inawasha. Nikawa nazunguka ua nikiwakanyaga kuku. Akatoka ndani amevaa raba za binti yetu, akauliza huwa natembea kwa kasi gani.

Nikamweleza nilivyofundishwa: kasi ya mtu anayeweza kuongea lakini hawezi kuimba.

"Basi ongea," akasema.

Nikaongea. Niliongea kuuzunguka uwanja mara nne, na kuteremka hadi kisimani. Nilimwambia kuhusu siku ile ya kwanza, jinsi nilivyokaa juu ya jiwe nje ya zahanati nikihesabu watoto wetu bado wako madarasa gani. Hakujibu mengi. Mara moja alinivuta kiwiko nipishe baiskeli.

Nimemeza kidonge mbele yake. Nimekaa kuandika, na moyo bado unadunda, sijui ni kilima au ni aibu. Yeye yuko jikoni na mlango ameuacha wazi. Hajasema amenisamehe, nami sijathubutu kuuliza.

Kesho muuguzi akinifunga ule mkanda, Mama Neema atakuwa amesimama pembeni, anasoma namba pamoja nami. Naogopa namba hiyo kuliko zote zilizopita. Je, nitaweza kubaki mtu mzima mbele ya mtu anayejua kila kitu?