Gari la Zamu

Jumapili, 4 Februari

Mdogo wangu,

Habari za wiki? Natumai wewe na watoto hamjambo. Sisi huku wazima, isipokuwa gari.

Kwa kuwa tumefungiana namba za simu tangu msiba wa Baba, na kwa kuwa wewe huja kulichukua gari jioni baada ya kuhakikisha kwamba mimi niliyelileta asubuhi nimeshaondoka, nimeona njia iliyobaki ni karatasi hii kwenye droo ya dashibodi. Ukishaisoma unaweza kunijibu, unaweza kuichana. Hiari yako.

Mlango wa nyuma kushoto sasa haufunguki kwa ndani. Ukimpeleka Mama kliniki, shuka ukamfungulie. Kioo cha mlango huohuo nimekizuia kwa kadibodi. Usikiguse, kitazama na hutakiona tena. Betri nimebadilisha.

Baba alipolinunua gari hili lilikuwa tayari mtu mzima, na ustaafu wake wote aliumalizia chini yake. Mama ndiye aliyetaka tulitumie kwa zamu, wiki kwangu, wiki kwako, makabidhiano uani kwake kila Jumapili. Sawa, nimetii. Lakini naomba tuwekeane sheria moja: kitakachoharibika katika wiki ya mtu, mtu huyo akitengeneze. Bila hivyo tutakuwa tunatupiana mpira mpaka tuzeeke kuliko gari.

Kaka yako


Jumapili, 11 Februari

Kaka,

Shikamoo. Nimeiweka kwa maandishi, usije ukasema tena mbele ya watu kwamba sina adabu. Watoto hawajambo. Mimi nipo, na mapazia yangu ya kushona.

Sheria nimeikubali. Ila gari lilianza kuchemsha Jumapili ileile, sijafika hata kona ya kwanza. Nadhani lilianza tangu Jumamosi, likakaa kimya kukusitiri. Gereji, fundi aliinua boneti, akatazama, akaenda kunywa chai kwanza, ndipo akarudi kuzungumza na mimi. Anasema rejeta iliyomo ni ya gari jingine kabisa, imeshikizwa kwa waya. Huo waya naujua. Ndio tuliokuwa tukianikia nguo.

Alhamisi nilimpeleka Mama kliniki. Presha imeshuka kidogo. Anapenda sana kufunguliwa mlango, hukaa akangoja kama mheshimiwa. Aliniuliza kwa nini Jumapili hakuna anayekaa kula naye. Nikamwambia wewe una shughuli. Nawe niambie ulimwambia nini, tusije tukapishana.

Mdogo wako


Jumapili, 18 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nashukuru kusikia watoto hawajambo.

Nilimwambia Mama kwamba mwenye shughuli ni wewe. Basi tumeshaumbuka wote.

Wiki hii ekzosi ilidondoka mbele ya lango la shule. Wanafunzi wangu waliiokota, wakaniletea darasani katikati ya kipindi, wakaiegemeza ubaoni kwa heshima zote. Niliendelea kufundisha. Imeshafungwa upya, kwa fedha yangu, kwa mujibu wa sheria.

Walimu wenzangu wanauliza kwa nini hatuliuzi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wao wanaona jambo jepesi. Kwanza nani atalinunua? Pili Mama hataki, na ukimuuliza sababu anaanza kuzungumzia maua yake.

Jambo la mwisho. Ulichoniambia msibani, kwamba nilikuwa namhesabia Baba siku zake, sijakisahau. Nakiandika ili usidhani kwamba tukiandikiana kuhusu ekzosi ndiyo tumepatana.

Kaka yako


Jumapili, 10 Machi

Kaka,

Shikamoo. Hamjambo huko? Sisi hatujambo.

Wiki hii sina la kuandika. Gari halina tatizo lolote. Mapazia ya hoteli nimeyamaliza. Mama anakusalimia, ingawa utakuwa umeonana naye ukilifuata.

Mdogo wako


Jumapili, 17 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Hata mimi sikuona tatizo. Nimelisafisha hadi chini ya viti. Pale mteremkoni kabla ya kliniki endesha taratibu, mvua imeleta utelezi.

Kaka yako


Jumamosi, 23 Machi

Kaka,

Shikamoo. Barua hii naiacha mezani kwa Mama, kwa kuwa droo ya dashibodi iko gereji pamoja na gari.

Alhamisi tulikuwa tunateremka kwenda kliniki. Nikakanyaga breki, pedali ikaenda hadi chini, haikurudi. Nikashusha gia, nikavuta breki ya mkono, gari likaendelea na safari yake. Chini pale kuna watu wanajenga, na walikuwa wamemwaga mchanga kando ya barabara. Nikaliingiza kwenye mchanga.

Mama alikuwa nyuma. Hakupiga kelele. Gari liliposimama alikaa tu, mkono umevunjika, akiningoja nishuke nimfungulie mlango. Nami nilikuwa bado naikanyaga pedali. Wajenzi ndio waliomtoa.

Amefungwa plasta ngumu mpaka juu ya kiwiko. Fundi anasema mafuta ya breki yamekuwa yakivuja muda mrefu, na kuna mtu amekuwa akiyaongeza. Nakuuliza mara moja tu, kaka. Ulijua?

Mdogo wako


Jumapili, 24 Machi

Mdogo wangu,

Pole. Mwambie Mama pia pole, ingawa nimeshamwambia mwenyewe leo asubuhi na akanijibu kwamba mkono ni mkono tu.

Nilijua. Wiki nzima nilikuwa nakanyaga mara mbili ndipo linasimama. Nikahesabu siku zilizobaki kufika Jumapili, nikaona zinatosha, nikaongeza mafuta ya breki, nikakuachia. Nilipokuandikia uendeshe taratibu nilijiona nimetimiza wajibu.

Lakini mafuta yale sikuyanunua mimi. Nilikuta chupa chini ya kiti cha dereva, imeviringishwa kwenye kitambaa cha pazia, imebaki nusu. Nikaitumia, nikaiviringisha vilevile, nikairudisha mahali pake.

Sisemi hivi ili tuwe sare. Nimekaa na karatasi hii tangu mchana na sijui nasema hivi kwa nini.

Kaka yako


Jumapili, 14 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza niliandika uongo, nikachana.

Chupa ni yangu. Nilipoona breki inazama, nilisema Jumatatu nalipeleka gereji. Jumatatu nikawa na mapazia ya hoteli. Halafu nikakumbuka kwamba Jumapili ni zamu yako, na sheria ni sheria. Liliporudi kwangu niliikuta chupa imepungua. Nikajua kwamba umejua, na umejua kwamba nimejua. Na bado Alhamisi nikampakia Mama. Nilikuwa nangoja wewe uwe wa kwanza kusema. Hilo halinitoki kichwani, hata nikiwa kwenye cherehani.

Gari limechukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Mama alitoka nje kulitazama likivutwa. Hakulia wala nini. Aliniuliza tu: "Sasa Jumapili mtakuwa mnakuja kufuata nini?" Nikajifanya sikusikia.

Hawezi kufunga vifungo wala kuinua sufuria, na daktari anasema mifupa ya umri wake haina haraka. Majirani wamempikia wiki hizi tatu; hatuwezi kuendelea kumwacha peke yake. Napendekeza tumtunze kwa zamu, wiki kwangu, wiki kwako, makabidhiano nyumbani kwake Jumapili. Zamu ikiwa yako ya kuleta, mlete asubuhi, nami nitamfuata jioni. Dawa na karatasi za kliniki nitaziweka kwenye mfuko mmoja ili usihangaike kutafuta.

Mdogo wako


Jumatano, 17 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako wakati wa mapumziko, ikabidi niwape wanafunzi zoezi ili nibaki nimekaa.

Sheria ya kwanza niliitunga mimi, na unaona ilipotufikisha. Hii yako ya pili siikubali. Nikimleta asubuhi nawe ukamfuata jioni, mchana kutwa Mama atakaa na nani? Nimejiuliza swali hilo leo kwa mara ya kwanza. Ndivyo alivyokuwa akikaa Jumapili zote, gari liko uani, chakula cha watu watatu kiko mezani, mmoja ameshaondoka na mwingine hajafika. Mimi nilikuwa nakiona kile chakula nikitoka. Nikadhani ana wageni.

Mama abaki kwake. Nitahamia pale hadi mkono upone, shule si mbali. Namba yako ya simu nimeifungulia. Sijapiga kwa sababu nikifikiria utakavyoitika nashikwa na woga, na bado nina hasira na lile la msibani. Vyote viwili ninavyo. Nimekukumbuka pia, na hilo nalo liandikwe.

Jumapili nitakuwepo tangu asubuhi, na safari hii siondoki. Usingoje jioni. Mama anataka kuogeshwa, anaona aibu kuniambia mimi mtoto wa kiume, nami naona aibu kumuuliza, kwa hiyo kila nikipita jioni kumwangalia tunazungumzia maua. Njoo mapema, mdogo wangu. Peke yangu siwezi.

Kaka yako