Ruhusa ya Saa Mbili

Thika, 9 Februari 1958

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku Thika. Kifua kilichonisumbua mwezi uliopita kimepona, na usiku nalala vizuri. Goti lako je? Wambua wa lori ameniambia siku hizi unapanda ngazi za ofisi ukishika ukuta.

Nina habari, na naomba uisome mpaka mwisho kabla ya kukasirika. Ijumaa sisi akina mama wa kumenya mananasi kiwandani tulichagua mjumbe wa chama cha wafanyakazi, na walinichagua mimi. Sikuomba. Walisema najua kusoma na siogopi kuuliza.

Kazi ya kwanza imekuja upesi. Nekoye, anayesimama kando yangu mezani, jana alikatwa vidole viwili na mashine ya kukatia mananasi. Mashine hiyo ilikuwa mbovu tangu Jumatatu, na sote tulijua. Sasa kampuni inasema ni uzembe wake, na Alhamisi saa nne asubuhi meneja atamwita ili amfukuze. Nekoye akiwa mbele ya Mzungu hainui hata macho. Ameniomba niingie naye. Lakini nyapara amesema nikiacha meza saa ya kazi, ataniandika mtoro.

Wewe umekuwa karani wa mahudhurio kwenye shamba la kahawa miaka ishirini na miwili. Nifanye nini?

Mwanao,
Kamene


Ruiru, 11 Februari 1958

Kwa mwanangu Kamene,

Goti linauma asubuhi, mchana linanisahau. Mvua bado, na vumbi limeingia hata ndani ya daftari.

Nimesoma mpaka mwisho na bado nimekasirika. Bado tuko chini ya hali ya hatari iliyotangazwa na serikali. Watu watatu wakisimama njiani wanaulizwa wanapanga nini, na wewe unataka kuingia ofisini kwa meneja kwa jina la chama. Unakumbuka niliongea na watu wangapi ndiyo ukapata nafasi hiyo? Saa ya kazi ni ya mwenye kazi. Hapa mtu akitoka kwenye mstari wake naandika hayupo, na simuulizi alikwenda wapi.

Mhurumie Nekoye jioni, ukishatoka. Alhamisi saa nne uwe mezani kwako.

Ni mimi baba yako,
Ndambuki


Thika, 16 Februari 1958

Baba,

Natumaini barua hii itakukuta na nguvu. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilikwenda. Ilipokaribia saa nne nilisafisha kisu changu, nikamwambia nyapara naondoka na nitarudi, nikamshika Nekoye mkono ule mzima. Meneja aliniuliza ni nani aliyenipa ruhusa. Nikamwambia, “Wenzangu ndio walionituma. Ruhusa nakuja kuiomba kwako.” Akasema niseme haraka.

Niliomba fundi wa mashine aitwe. Aliitwa, akatafuna midomo, mwisho akakubali kwamba aliambiwa juu ya ile mashine siku ya Jumatatu. Nekoye hakufukuzwa. Mkono ukipona atawekwa kwenye kubandika karatasi za makopo.

Lakini mimi nimesimamishwa wiki mbili. Meneja alisema kila mjumbe akiondoka anapotaka, mananasi yataoza mezani. Baba, hilo la mananasi ni kweli. Yalikuwa yamelundikana mpaka kifuani kwa yule mama aliyebaki peke yake kwenye meza yetu.

Najua sikukusikiliza. Usinyamaze tu.

Mwanao,
Kamene


Thika, 23 Machi 1958

Baba yangu,

Hujambo? Hii ni barua ya tatu tangu uniandikie. Wambua anasema uko kazini kila siku na goti si baya, basi najua umenyamaza kwa kutaka.

Nilirudishwa kazini. Nekoye naye amerudi. Mwezi wa tano chama kitakutana na kampuni kuzungumzia saa za wajumbe. Wenzangu wanataka tuseme tuwe huru kuondoka wakati wowote. Mimi nawaza yule mama na lile lundo, na sijui tuseme nini.

Kamene wako


Ruiru, Jumapili ya Pasaka, 6 Aprili 1958

Kwa mwanangu Kamene,

Nakutakia Pasaka njema. Mvua imekuja, na jana nilikula mahindi ya kuchoma kwa mara ya kwanza mwaka huu.

Barua zako zote zilifika. Nilikuwa nazisoma na kuzirudisha kwenye bahasha. Acha nikueleze kilichonifungua mkono.

Hapa kuna mama anaitwa Ngendo. Mwezi uliopita nyapara alimtuma apeleke miche ya kahawa upande wa Gitothua, akasahau kunieleza, nami nikamwandika hayupo siku nzima. Alikuja kunieleza taratibu kabisa. Nilimjibu kwamba kilichoandikwa kimeandikwa. Akaniuliza, “Basi niende kwa nani?” Nilitafuta jina la kumpa nikalikosa. Akaenda zake.

Kwa wiki mbili daftari lile lilinikalia vibaya. Juzi nilikata lile neno na kutia sahihi yangu pembeni. Tangu niajiriwe sijawahi kukata neno.

Sasa sikiliza, maana hii ndiyo kazi ninayoijua. Mkiomba kuondoka wakati wowote, meneja anaona meza tupu, na ana haki. Mpeni utaratibu. Kila mjumbe apewe saa mbili kwa wiki bila kuandikwa mtoro. Aombe siku moja mbele, kwa karatasi yenye saa ya kutoka, saa ya kurudi, na jina la atakayeshika meza yake. Nyapara akiwa na kazi nyingi aweze kusogeza ile saa, lakini asiweze kuikataa. Na mtu akiitwa kama alivyoitwa Nekoye, mjumbe wake aende saa hiyohiyo, hapo hakuna kungoja kesho. Alichoelezwa mjumbe asiulizwe. Kisha muombe miezi mitatu ya kujaribu, kwa sababu wakubwa hukubali kwa urahisi jambo wanaloweza kulifuta.

Nilikuacha peke yako miezi miwili, na halikuwa jambo zuri.

Baba yako,
Ndambuki


Thika, 18 Mei 1958

Baba yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na Nekoye anakusalimu kwa mkono wake ule ulioumia.

Wamekubali! Yote, hata miezi mitatu uliyoitaja. Meneja alisoma karatasi mara mbili akaniuliza imeandikwa na nani. Nikamwambia ni mtu anayejua mahudhurio kuliko sote.

Lakini wiki ya pili tu tuliingia matatani. Mjumbe mwenzetu Kisilu, wa upande wa mapipa, aliomba saa mbili, na Nekoye, aliyekuwa na ruhusa ya kwenda hospitali kuonyesha mkono, akamwona sokoni akichagua viatu. Wenzangu walisema tunyamaze, kwa sababu kampuni ikijua itafuta ruhusa yote. Kesho yake asubuhi nilimwambia Kisilu mbele ya wajumbe wote kwamba zile saa mbili si zake, ni za watu wa mapipa. Alikasirika, kisha akarudisha karatasi zake na wamechagua mwingine.

Halafu nikaenda kwa meneja mwenyewe nikamweleza kabla hajasikia kwa mtu. Alisema alikuwa amekwisha kusikia tangu jana, na alikuwa anangoja aone kama tutakuja. Ruhusa imebaki.

Mwanao,
Kamene


Ruiru, 15 Juni 1958

Kwa mwanangu Kamene,

Baridi imefika na goti linalijua hilo kabla yangu. Vinginevyo sijambo.

Barua yako niliwasomea watu wawili hapa, na wawili hao wakawaambia wengine. Wiki jana wafanyakazi wa shamba walimchagua Ngendo awe msemaji wao. Bwana mwenye shamba alikubali saa moja kwa wiki, shingo upande, ila akasema karatasi zote zipite kwangu.

Jumanne kahawa ya mapema ilikuwa nyingi, madebe yamepangwa mpaka barabarani, na Ngendo akaleta karatasi. Mtu alikuwa amechomwa na dawa ya kunyunyizia, na Ngendo alitaka kwenda kumwona. Nitakuambia kweli, moyo wangu ulisema hapana. Nilihesabu yale madebe, nikamwangalia, nikatia sahihi.

Bwana alitokea akamwona akivuka shamba peke yake, saa ya kazi. Akaniuliza yule mwanamke anakwenda wapi.

Nikamwambia, “Ana ruhusa, Bwana. Nimempa mimi.”

Akarudi kwenye mizani ya kupimia kahawa.

Baba yako anayejivunia mwanawe,
Ndambuki