Kiatu cha Kulia

Bungu, Kibiti

Kaka Sixtus,

Shikamoo. Korosho za huku zimeanza kuanguka, nami bado ni karani yuleyule anayeogopa kugonga muhuri vibaya. Lakini nimechoka na majibu yako. Barua tatu nimekuandikia, zote umejibu "sijambo" tu! Mama amenipigia: tangu utoke hospitali ya jeshi hutoki chumbani, naye ameificha kamba ya mbuzi. Sikumwuliza kwa nini.

Kila Jumanne wanajeshi watatu walioumia kama wewe hukutana nyuma ya ofisi yetu. Nisamehe, nimewaambia habari zako. Khamisi, aliyekatwa mguu wa kulia, alicheka: "Karani, kakako hana wa kushoto? Basi viatu vyangu vya kulia vimepata mwenyewe! Mwambie pole hatutoi, ila vyake vya kushoto ni vyangu."

Anasema naye alijifungia mwaka mzima, mpaka majeruhi mwenzake alipomtoa nje kwa matusi.

Kiatu chake nimekifunga humu, pamoja na namba yake ya simu. Usiniandikie tena "sijambo". Mpigie yeye, umwambie kama kinakubana.

Mdogo wako mwenye hofu,
Natalia