Nyuzi Tisini na Tatu

Kaka,

Shikamoo. Nimeiandika kwa sababu mama alinifundisha kuanza hivyo, basi usiisome zaidi ya hapo. Natumaini hujambo huko kazini na kwamba meno yako ni mazima. Kwa nini nayaulizia meno utaona mbele. Sisi huku tunapumua. Mama mgongo unamsumbua. Tangu kompyuta ife amerudi kushona vifungo vya watu pale dirishani, kazi aliyoapa hataigusa tena, na ikifika alasiri anafuta macho na kusema ni vumbi.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unacheka kabla sijamaliza sentensi. Karatasi haikatizwi.

Umewasimulia watu hadithi yako na wote wameiamini, maana wewe ndiye Profesa na mimi ndiye Bubu. Nami niseme yangu. Ile prosesa, ubongo wa kompyuta ya mama ya kuhariri video, ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote pale dukani, wewe mwenyewe uliiita prosesa ya kikokotoo. Video moja ya harusi ilichukua saa nne kumalizika, na mama alikaa akiilinda kama maziwa jikoni. Nilipomaliza mtihani wa mwisho nilisoma, nikaelewa kwamba inaweza kusukumwa kupita spidi ya kiwandani ikipozwa vizuri. Nilisuka nywele za watu likizo nzima nikanunua feni kubwa, ile yenye mabomba ya shaba. Nikapandisha spidi hatua moja kwa siku. Kila hatua niliipa kompyuta kazi nzito, nikaandika joto lake kwenye daftari la mistari. Kutoka gigahezi tatu na nusu nilifika nne, skrini ikaganda, nikarudi tatu nukta tisa na hapo nikatulia. Joto halikupita nyuzi sabini na moja. Mama aliokoa karibu nusu saa kwa kila video. Alinikumbatia akasema sasa hata usingizi wake una spidi.

Miezi mitatu, kaka. Haikuzima hata mara moja.

Ukaja wewe kwa likizo yako ya wiki moja. Ulinikuta na daftari ukawasomea wageni sebuleni kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, ukawauliza kama kompyuta imelazwa wodini maana muuguzi anaipima homa. Walicheka hadi shangazi akapaliwa. Ukaniambia mbele yao kwamba msichana asiyeweza kumsalimia mgeni bila kutazama sakafu hawezi kujua kitu kinachofanyika ndani ya prosesa. Niliingia chumbani. Ni kweli nilitazama sakafu.

Uliondoka Jumapili. Alhamisi kompyuta ilizima katikati ya harusi ya binti wa mwenye duka la vitambaa. Mama akaiwasha, ikazima. Mara ya tatu haikuwaka, na diski ikakutwa imevurugika. Mpiga picha alikuwa ameshafuta kadi ya kamera. Mama alikwenda mwenyewe kwa wazazi wa bibi harusi, akarudi akatoa kopo la vifungo. Ndipo ukapiga simu ukatuomba tuweke sauti kubwa, ukasema ulishaonya kwamba Bubu ataiunguza. Kuanzia siku hiyo mama amenikataza kugusa chochote chenye waya. Hata pasi. Nanyoosha nguo kwa kuzilalia.

Jambo ambalo hulijui ni hili. Mama alipokuwa kwa wenye harusi, niliibeba kompyuta hadi kwa fundi tunayemwita Bisibisi, yule mwenye banda nyuma ya stendi. Aliifungua, akainusa, akauliza ni nani nyumbani kwetu anayeipigisha kompyuta mswaki. Juu ya prosesa, mahali pa ile grisi ya kupitisha joto, palipakwa dawa ya meno, imekauka na kupasuka kama tope la kiangazi. Na feni iliyokuwa juu yake ilikuwa ile ndogo ya zamani niliyoiweka kwenye boksi chini ya kitanda. Feni yangu unayo wewe, kwenye kompyuta yako ya kuchezea magemu. Usiniulize nimejuaje. Umepiga nayo picha, na mabomba ya shaba yanaonekana nyuma ya kichwa chako.

Bisibisi alipitia daftari langu ukurasa kwa ukurasa. Akasema vijana wake hawajawahi kumwandikia hata mstari mmoja, na kwamba kuna stuli ya mwanafunzi inanisubiri bandani kwake mpaka Jumatatu ijayo. Baada ya hapo atampa mwingine. Mama amekataa. Amesema aliyeua kompyuta ya nyumbani hatapelekwa kuua za watu. Naitaka ile stuli kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Sasa utajiuliza kwa nini sijakutaja kwa mama. Hapa ndipo mkono wangu unapokuwa mzito.

Daftari alilolisoma Bisibisi lilipungukiwa ukurasa mmoja. Jumatatu, siku moja baada ya wewe kuondoka, nilisikia feni inalia kama nyigu ndani ya kopo. Nilitazama joto, nikaandika daftarini: nyuzi tisini na tatu. Nikafungua ubavu wa kompyuta nikaona ulichofanya. Kurudisha spidi ya kiwandani ni kazi ya dakika mbili, kaka. Sikuirudisha. Nilirudishia kifuniko nikakaza skrubu zote nne. Nilitaka izime mara moja tu, mbele ya mama, ili nifungue na kumwonyesha Profesa wake ni mtu wa namna gani, bila kulazimika kusema neno. Jumanne nilisubiri. Jumatano nilisubiri. Mama alikuwa akiimba huku akikata zile video, nami nilikaa nyuma yake nikisubiri.

Wewe ni mwizi na mwongo. Mimi niliona nikanyamaza. Harusi ya watu tumeiua wawili.

Ule ukurasa nilioung'oa nimeubana kwa pini hapa. Barua itakuja na mzigo wa mashati yako, na bahasha sijaigundisha. Wasalimie wenzako wa kazini. Feni usiirudishe kwa posta, itavunjika mabomba. Ilete mwenyewe, umkabidhi mama mkononi.

Unajua mama huwa hafungi mzigo wako kabla hajasoma barua yangu na kuongeza salamu zake kwa mkono wake. Nimemwachia nafasi hapa chini.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye si bubu.

Mama: