Ruba Wanene

Golbanti, Jumanne

Wale ruba waliokataliwa niliwafunga mimi, si Shangazi Rehema. Sijamwambia mtu ila wewe.

Alipolala na homa nilitaka kumsaidia amalize kazi ya watu wa bara. Ni ndoana zinazofungwa manyoya meusi zifanane na ruba, za kuvulia samaki aitwaye trauti kwenye maziwa ya huko milimani. Mimi trauti sijamwona. Ruba ninaowajua ni wale wanaong'ang'ania miguu ya ng'ombe, wamevimba kwa damu. Basi nikawafunga wanene, nikaona wamependeza, nikawachanganya na wake bila kumwambia.

Leo mnunuzi alipiga simu, sauti ikajaa chumba. "Mama, niliagiza ruba, umeniletea panya! Ruba akiogelea ni mwembamba, anacheza kama utepe. Na wewe si mgeni kazi hii." Akasema hatatuma tena ndoana wala manyoya.

Shangazi hakubisha. Alimwinua dirishani mmoja aliyebaki, akamsogeza karibu, akamweka mbali.

"Kumbe homa imeondoka na macho yangu," akasema. Akafungua kutoka mezani jiliwa yake ndogo ya kubania ndoana, akanipa. "Chukua, mwanangu. Mimi nimekwisha."

Nilifungua kinywa nimwambie. Nikasema asante.

Jioni aliniomba nimtungie uzi kwenye sindano. Jana alitunga mwenyewe, bila hata kusogea kwenye mwanga. Nikamtungia.

Sioni vipi nitarudi nyuma sasa. Tafadhali, usimwambie mtu. Anayepaswa kumwambia ni mimi, na mimi siwezi.